Kuvuliwa kwa Vipimo: Habari za Ubao wa Motokaa

Kuna vitu ambavyo thamani yake hufichika vikiwapo na hudhihirika vikikosekana. Jino halitajwi mpaka ling'oke, na kipimo cha motokaa hakitafutwi na macho ya dereva mpaka mahali pake pabaki tundu la mviringo. Insha hii yahusu kuondolewa kwa vipimo, ambavyo mafundi huviita geji, katika ubao ulio mbele ya dereva, yaani dashibodi. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya wasomi waliozoea kusoma habari za falme na vita. Walakini historia ya watu imo pia katika vyombo wanavyovitazama kila siku, na aghalabu chombo kidogo husema kweli ambayo hati kubwa huificha.

Maneno "kuondoa vipimo" yana maana mbili, na zote mbili zatuhusu. Maana ya kwanza ni kazi ya mkono. Fundi anayetengeneza upya gari la miaka sitini iliyopita hufika siku ambayo hapana budi avue geji zake moja moja, azisafishe, azitengeneze, kisha azirudishe. Maana ya pili ni mwendo wa historia. Watengenezaji wa motokaa walianza kwa kuuza magari yasiyo na kipimo hata kimoja. Baadaye wakaujaza ubao vipimo. Kisha wakaanza kuvipunguza, na mahali pake wakatia taa ndogo, na hatimaye skrini. Fundi huvua ili arudishe. Kiwanda kilivua kisirudishe. Kati ya vitendo hivi viwili limo swali la insha hii: yampasa dereva kujua kiasi gani juu ya chombo kinachochukua maisha yake?

Ubao wenyewe ni mkongwe kuliko motokaa. Katika magari ya farasi ya Ulaya na Marekani ulikuwa kipande cha mti au cha ngozi kilichosimamishwa mbele ya miguu ya mwendeshaji, na kazi yake ilikuwa kukinga matope na mawe yaliyorushwa na kwato. Farasi alipoondoka, ubao ulibaki. Injini ilipowekwa mbele, ubao ukawa ukuta kati ya injini na watu, na kwa kuwa ulikabili macho ya dereva, ndipo palipokuwa mahali pa kupachika kila kilichotakiwa kuonekana. Hivyo kitu kilichoumbwa kwa kukinga uchafu kikageuka kuwa ukurasa wa kusomea habari.

Tamaa ya kupima safari nayo ni ya kale. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ameeleza katika kitabu chake cha kumi juu ya ujenzi gari lililofungwa magurudumu ya meno. Kila ilipotimia maili moja, kijiwe kiliangukia katika chombo cha shaba kwa mlio, na mwisho wa siku msafiri alihesabu vijiwe akajua maili alizokwenda. Chombo hiki hakikumwambia mtu alikuwa akienda kwa kasi gani. Kilihifadhi ushahidi wa njia iliyokwisha kupitwa. Msomaji na avikumbuke vijiwe hivi, maana tutavirudia tutakapofika katika habari za udanganyifu.

Kasi ilikuwa jambo la sheria kabla ya kuwa jambo la kipimo. Mnamo Januari 1896, katika jimbo la Kent huko Uingereza, Walter Arnold aliendesha motokaa kwa mwendo wa maili 8 kwa saa mahali ambapo sheria iliruhusu maili 2 tu. Askari wa polisi alimfukuza kwa baiskeli mpaka akamkamata, na mahakama ikamtoza faini. Gari lile halikuwa na kitu cha kumwonyesha mwendeshaji kasi yake; mshitaki na mshitakiwa wote wawili walikisia. Sheria ya mwaka 1903 ikaruhusu maili 20 kwa saa, na polisi wakajificha kando ya njia wakiwa na saa mikononi ili kuwavizia wavunjaji. Mwaka 1905 wenye magari waliunda chama cha Automobile Association, na mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwatahadharisha madereva juu ya mitego hiyo. Mtu aliyeadhibiwa kwa hesabu ya saa ya askari alitaka naye awe na hesabu yake. Haja ya kipimo cha mwendo ilizaliwa na haja hiyo ya kujitetea, pamoja na ile ya kujivuna.

Chombo kilichoshinda vingine kilibuniwa na Otto Schulze wa mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, naye akapata hataza yake mwaka 1902. Namna ya kazi yake yastahili kuelezwa, maana kwa muda wa miaka themanini na zaidi karibu kila spidomita duniani ilifuata njia hiyo. Waya uliosokotwa, uliomo ndani ya mfereji wa chuma, huzungushwa na gia za gari na kuizungusha sumaku nyuma ya uso wa kipimo. Sumaku hiyo imezungukwa na kikombe chepesi cha aluminiamu, wala haikigusi. Inapozunguka huamsha umeme ndani ya kikombe, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate sumaku. Lakini kikombe kimefungwa kamani nyembamba kama unywele, nayo hukizuia. Sumaku ikienda mbio mvuto huzidi, na mshale ulioshikamana na kikombe hupanda; mwendo ukipungua, kamani huurudisha. Mshale basi husimama mahali ambapo nguvu mbili zimepatana.

Kipimo cha pili kilitoka katika ulimwengu wa mvuke. Mwaka 1849 Eugène Bourdon wa Paris alipata hataza ya kipimo cha kani chenye mrija wa shaba uliobanwa ubavuni na kupindwa kama mwezi mwandamo. Kani ikiingia ndani, mrija hutaka kunyooka, na mwendo mdogo wa ncha yake hukuzwa kwa gia mpaka ukawa mwendo mkubwa wa mshale. Chombo hiki kiliokoa maisha katika mitambo ya mvuke, ambayo ilizoea kupasuka. Kilipoingia katika motokaa kilipewa kazi ya kupima kani ya oili. Kazi hiyo si ndogo. Vyuma vinavyozunguka ndani ya injini havigusani maadam utando mwembamba wa oili ungali baina yao. Utando ukikatika, beringi huharibika kwa muda mfupi sana, na gharama yake yaweza kuwa sawa na bei ya injini.

Joto la maji lilipimwa kwanza nje kabisa ya ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Harrison Boyce wa Marekani alileta kipimajoto kilichosimama juu ya kifuniko cha rejeta, mbele ya gari, na dereva akakisoma kupitia kioo cha mbele. Kikawa pambo la fahari kwa muda wa miaka kumi na zaidi, mpaka vipimajoto vilipoingia ndani. Petroli nayo ilikuwa na kipimo chake cha kimaskini. Mwenye Ford ya aina ya T, gari lililotengenezwa tangu 1908 hata 1927 kwa idadi ya milioni 15, alizoea kuinua kiti, kufungua tangi na kutumbukiza kijiti. Ford ya aina ya A, iliyoifuata, ilikuwa na tangi mbele ya dereva, nyuma tu ya ubao, na boya lililoelea ndani ya petroli liligeuza moja kwa moja namba zilizoonekana katika tundu la ubao. Hapakuwa na waya wala umeme baina ya mafuta na macho.

Hivyo kati ya vita kuu mbili za dunia ubao ulijaa. Kampuni ya Smiths, ambayo asili yake ni duka la saa lililofunguliwa London mwaka 1851, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vipimo vya magari ya Kiingereza. Ujerumani ilikuwa na VDO, iliyoundwa mwaka 1929 kwa kuunganisha makampuni mawili. Marekani ilikuwa na Stewart-Warner ya Chicago. Si ajabu kwamba watengenezaji wa saa waliingia katika kazi hii. Uso wa duara, namba zilizopangwa pembezoni, na akrabu inayozunguka, vyote ni urithi wa saa. Dereva aliyejua kusoma saa alijua kusoma gari lake. Serikali ya Uingereza nayo ikaamuru kwamba kila motokaa itakayoanza kutumika tangu tarehe 1 Oktoba 1937 iwe na kipimo cha mwendo, na yafaa kukumbuka kwamba miaka michache kabla yake nchi hiyo ilikuwa imeweka kikomo cha maili 30 kwa saa katika sehemu zenye nyumba. Serikali iliona kwamba si haki kumwadhibu mtu kwa kuvuka mpaka asioweza kuuona.

Wakati huohuo ndipo ulipoanza uvuaji. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilitia katika magari yake taa ndogo za kuonya, moja ya kani ya oili na nyingine ya dinamo, mahali pa geji. Makampuni mengine yakafuata, na baada ya Vita Kuu ya Pili desturi hiyo ikaenea. Madereva wenye kejeli huko Marekani walizibandika taa hizo jina la taa za wapumbavu. Sababu za viwanda zilikuwa mbili, na haki yataka zote zitajwe. Kwanza, taa na swichi yake ni rahisi kuliko mrija, gia, mshale na kioo, na senti chache zikizidishwa kwa magari laki moja huwa mali. Pili, viwanda vilidai kwamba watu wengi hawazitazami geji. Mshale waweza kushuka kimyakimya pembeni mwa jicho, lakini taa nyekundu humwita mtu hata akiwa na mawazo mengine.

Hoja ya pili si ya kupuuzwa. Hata hivyo yatupasa kutazama taa husema nini. Katika gari la michezo kama MGB, lililotoka mwaka 1962, kani ya oili wakati wa mwendo huwa yapata ratili 50 kwa kila inchi mraba, au zaidi. Taa ya onyo ya magari mengi huwaka kani inapokuwa imeshuka mpaka ratili chache tu. Mwenye geji huona wiki hii mshale wasimama pa hamsini, mwezi ujao pa arobaini na tano, mwaka ujao pa thelathini, naye apata wasaa wa kutafuta sababu na fedha. Mwenye taa haoni lolote, haoni lolote, kisha aona nyekundu. Wahenga wamesema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Geji ni mawingu. Taa ni tone la kwanza lililokwisha kumwangukia mtu kichwani. Pia taa iliyozimika yaweza kuwa na maana mbili zilizo kinyume, ama kwamba mambo ni salama ama kwamba globu yake imeungua. Ndiyo maana magari mengi yalifanywa ili taa hizo ziwake kwa nukta chache ufunguo unapogeuzwa, zijithibitishe zenyewe kabla ya kuaminiwa.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kusema kwamba kila uvuaji ulikuwa hasara. Volkswagen ile yenye umbo la kombamwiko, ambayo ilitengenezwa mpaka mwaka 2003 kwa idadi inayozidi milioni 21, ilikuwa na uso mmoja tu, nao ni wa spidomita, pamoja na taa chache. Kipimo cha joto la maji hakikuwamo kwa sababu injini yake ilipozwa kwa hewa, wala maji hayakuwamo. Hata kipimo cha petroli kilikawia mpaka 1961. Kabla ya hapo injini ilianza kukwama, na dereva akageuza kwa mguu bilula iliyofungua akiba ya lita kama tano, akajua kwamba yampasa kutafuta kituo. Citroën 2CV ya Ufaransa, iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 1948, ilipimwa petroli kwa kijiti, na waya uleule uliozungusha spidomita ulisukuma pia vifutio vya kioo. Mini ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Alec Issigonis, iliweka duara moja kubwa katikati ya ubao, na kipimo cha petroli kikawa ndani yake. Mini zilizofuata, za bei kubwa zaidi, zikaongezewa geji ya oili na geji ya joto. Mtu aweza kusoma hapa kwamba ujuzi ulikuwa umekwisha kuwa bidhaa; aliyelipa zaidi aliambiwa zaidi.

Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wake katika shauri hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambako vumbi na tope vilikuwa wapinzani wakali kuliko washindani wenyewe. Volkswagen ilishinda mwaka 1954 na tena 1957, nayo ni gari ambayo siku zile haikupewa na kiwanda chake kipimo cha petroli wala cha oili. Magari mengine yenye ubao uliojaa vipimo yalibaki matopeni. Funzo lake si kwamba vipimo havina faida. Washindani wa mbio za namna hiyo walikuja kuongeza vipimo vyao wenyewe, hasa vile vya Halda kutoka Uswidi, kwa ajili ya kuhesabu umbali kwa usahihi. Funzo ni kwamba kuondoa kipimo ni halali pale ambapo hatari iliyopimwa imeondolewa pamoja nacho. Aliyeondoa maji aweza kuondoa kipimajoto cha maji. Anayeondoa kipimo na kuiacha hatari amefanya jambo jingine, nalo lataka jina jingine.

Jina hilo lapatikana katika habari za vijiwe vya Vitruvius. Spidomita ya motokaa ina ndani yake kihesabu maili, ambacho ni kumbukumbu ya maisha ya gari. Muuzaji asiye mwaminifu aliuvua uso wa spidomita, akazirudisha namba nyuma, akaupachika tena, na gari lililochoka likawa kijana. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1972 ya kukataza mchezo huo. Sheria za nchi hiyo zaagiza pia kwamba kihesabu kikitengenezwa au kubadilishwa, na isiwezekane kuonyesha maili zilezile za awali, basi kianzishwe kwenye sifuri, na hati ibandikwe katika fremu ya mlango wa kushoto ikitaja maili za kabla na tarehe ya kazi. Tazama jinsi sheria ilivyotambua kwamba kuvua kipimo ni kugusa ushahidi, na kwamba dawa ya ushahidi ulioguswa ni maandishi ya wazi.

Serikali zilijifunza pia kwamba ubao waweza kuua. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya hatari za magari ya Marekani, na mwaka uliofuata sheria ya usalama wa magari ikapitishwa. Katika kitabu kile lilielezwa gongano la pili, yaani lile la mwili wa mtu na vyuma vilivyomo ndani ya gari. Kwa magari ya mwaka 1968 MGB zilizopelekwa Marekani zilipewa ubao mnene uliojazwa sponji, na geji zikapunguzwa ukubwa na kupangwa upya. Jaguar E-Type nazo zikabadilishiwa swichi za ncha kwa swichi bapa. Mabadiliko haya yalichukiwa na wapenda uzuri, lakini watu waliogongwa paji la uso hawakuulizwa kama ubao wa zamani ulipendeza. Baadaye, tangu 1979, serikali ya Marekani iliamuru kwamba namba za spidomita zisizidi maili 85 kwa saa, kwa kutumaini kwamba mtu asiyeiona namba hatatamani kuifikia. Amri hiyo ilifutwa mapema katika miaka ya 1980. Gari halikupungua nguvu kwa sababu ya kufupishwa kwa namba. Dereva aliyepita 85 aliendelea tu bila ya kujua amefika wapi.

Kuna udanganyifu mwingine uliokuja baadaye, ulio laini zaidi. Mazda MX-5, gari dogo la michezo lililotoka mwaka 1989, lilikuwa na geji ya kani ya oili iliyopanda na kushuka kwa kweli. Katika magari ya toleo la mwaka 1995 geji ile ilibaki mahali pake, ikiwa na uso na mshale, lakini nyuma yake palitiwa swichi. Kani ikiwa ya kutosha, mshale husimama katikati, isipotosha, huanguka. Nayo ni taa iliyovaa kanzu ya geji. Mantiki ya biashara yaeleweka, maana mwenye gari aonaye mshale ukichezacheza huingiwa na hofu na kurudi dukani kulalamika. Lakini huku ni kuvua kipimo huku ukiacha sura yake, nako ni kubaya kuliko kuacha tundu, kwa kuwa tundu halimwambii mtu kwamba yote ni salama.

Sasa turudi kwa fundi na gari lake la kale, maana kila hatua ya kazi yake yarudia historia tuliyoipitia. Jambo la kwanza ni kufungua waya wa betri. Geji ya chaji katika magari mengi ya zamani hupitisha karibu umeme wote wa gari, na bisibisi ikigusa mahali pasipofaa nyuma ya ubao yaweza kuwasha moto. Jambo la pili ni kuchora au kupiga picha. Magari ya Kiingereza yalikuwa na lugha ya rangi: waya wa kahawia hutoka katika betri, mweupe hutii ufunguo, wa kijani hupita katika fyuzi, mweusi hurudi katika bodi. Lakini rangi hufifia kwa miaka sitini, na kahawia na nyekundu huwa ndugu. Mafundi wa busara hufunga karatasi yenye namba katika kila waya.

Kisha huja kazi ya vidole. Katika Jaguar ya Mark 2 au E-Type, skrubu mbili zikilegezwa, sehemu ya katikati ya ubao hulala mbele kama kifuniko cha sanduku, na geji zote huonekana mgongo. Katika magari mengi mengine fundi hulala chali sakafuni na kupapasa, maana geji hushikwa na kipande cha chuma chenye umbo la upinde na nati ndogo za kukazwa kwa mkono. Spidomita huachia baada ya kufunguliwa pete ya waya wake. Geji ya oili iliyo ya namna ya Bourdon huunganishwa na injini kwa mrija wenye oili ndani, basi injini hunyamazishwa na kitambaa huwekwa chini kabla ya kuigusa. Kipimajoto cha zamani ndicho chenye mtego mkubwa. Kutoka nyuma yake hutoka mrija mwembamba kama uzi, uliofungwa pande zote mbili na kujazwa etha, na mwisho wake ni tunguu la shaba lililozama katika maji ya injini. Mrija huo haukatwi wala haupindwi. Yampasa fundi kumwaga maji, kulichomoa tunguu, kisha kuupitisha mrija wote katika tundu la ukuta, taratibu, mpaka utoke pamoja na geji yake. Anayeukata kwa haraka ya dakika tano amekiua chombo. Katika MGB za mwanzo geji hii na ile ya oili zimo katika uso mmoja, hata kosa la upande mmoja hupoteza zote mbili.

Magari ya baadaye kidogo yana geji za umeme zilizotengenezwa na Smiths ambazo mshale wake huinuka polepole, kwa sababu husukumwa na bapa la metali mbili linalopinda kwa joto. Geji hizo hulishwa volti 10 kupitia kidhibiti kidogo, wala si volti 12 za betri. Asiyejua hukiona kidhibiti kama takataka, akakiondoa, na tangu siku hiyo petroli na joto husomeka zaidi kuliko kweli. Yapo pia madhara kwa mwili. Baadhi ya vipimo vya zamani, hasa vya ndege na vya magari ya jeshi, vilipakwa rangi yenye radiamu ili ving'ae gizani. Wasichana wa kiwanda cha Orange, New Jersey, walioagizwa kuchonga ncha za brashi kwa midomo yao, waliugua vibaya na wengi wakafa, na kesi ya watano kati yao ikamalizwa kwa fidia mwaka 1928. Mng'ao huzimika baada ya miaka, lakini radiamu hupungua nusu tu kwa miaka ipatayo 1,600. Uso wa namna hiyo haufunguliwi mezani wala haukwanguliwi.

Baada ya kuvua huja shauri, na hapo ndipo fundi huwa mwanahistoria, apende asipende. Je, aupake uso rangi mpya, namba ziwe nyeupe kama siku ya kwanza? Je, ayatoe matumbo ya sumaku na kamani atie vifaa vya elektroniki, huku uso ukibaki wa Smiths? Je, kihesabu kilichosimama kwenye maili 83,000 kirudishwe sifuri? Wajenzi walikwisha kulijadili swali kama hili juu ya majumba ya kale, na Hati ya Venice ya mwaka 1964 ikaweka kanuni zao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliifuata mfano katika Hati ya Turin ya mwaka 2012, ambayo yapendelea kuhifadhi kuliko kubadilisha, yataka mkono wa mtengenezaji uguse kidogo iwezekanavyo, na yataka kila kilichobadilishwa kiandikwe na kitambulike.

Kanuni hiyo ni njema, lakini kwa geji yaleta mgogoro wa kweli. Jengo la kale lililonyamaza laweza kuachwa linyamaze. Geji iliyoachwa ubaoni hali imekufa ni shahidi wa uongo, maana dereva huiamini. Kwa hiyo mwandishi wa insha hii aona kwamba uaminifu wa geji una sehemu mbili, uaminifu kwa jana na uaminifu kwa leo. Uso, kioo na mikwaruzo ni vya jana. Visiguswe ila kwa lazima. Mshale na kinachousukuma ni vya leo, lazima vipime. Ikiwa chombo cha ndani hakitengenezeki, kitiwe kingine, na sehemu za zamani zitunzwe katika kisanduku chenye maandishi. Maili za kihesabu ziandikwe kabla hakijafunguliwa, na tarehe yake. Kama gari halitaendeshwa tena, geji iachwe jinsi ilivyokufa, na itangazwe kwamba imekufa.

Magari ya siku zetu yamelikamilisha zoezi lililoanzwa na Hudson. Aston Martin Lagonda iliyoonyeshwa mwaka 1976 iliweka namba za umeme mahali pa mishale. Tesla Model 3, iliyotoka mwaka 2017, haina kitu mbele ya usukani. Mwendo na habari nyingine zote husomwa katika skrini moja iliyo katikati. Wenye kusifu husema kwamba gari la namna hiyo hujipima lenyewe mara nyingi kwa nukta moja, kuliko mwanadamu awezavyo. Ni kweli, nalo ni jambo kubwa. Lakini vipimo hivyo huenda kwa kompyuta, na kompyuta huchagua kipi cha kumwambia dereva na wakati gani. Mrija wa Bourdon haukuwa na uwezo wa kuchagua. Kani ilipopungua, mshale ulishuka, na hakuna mtu kiwandani aliyeweza kuuagiza usimame.

Wanafunzi wa historia wamefundishwa kusoma mawe ya makaburi, sarafu, na pambizo za miswada. Naona inafaa waongeze na ubao wa motokaa. Wakiukuta uso wa geji katika banda la fundi au katika nyumba ya makumbusho, wasiishie kuuliza umri wake. Waulize ulipima nini, ulimwambia nani, ni nani aliyeamua uondolewe, na kama hatari uliyoipima iliondoka pamoja nao.